Uwatu, shamari na tumbo langu

Mwaka jana baada ya Ramadhani tumbo lilinishinda. Nikila mahamri kwa mbaazi asubuhi, mpaka adhuhuri nimejaa gesi na kiungulia kiko kooni. Uzito nao ulikuwa umefika kilo 87. Nikanunua chai ya kupunguza mwili, pakiti imeandikwa kuwa ni mitishamba ya Kihindi. Siku nne nilishinda chooni, mizani ikashuka kilo mbili, nikafurahi. Usiku wa tano misuli ya miguu ilinikaza mpaka nikalia. Ndipo nikaisoma pakiti: kitu cha kwanza ni sanamaki. Ndugu zangu, sanamaki ni dawa ya kuharisha. Hutoa maji na chumvi za mwili, mafuta huyaacha pale pale. Zile kilo mbili zilirudi wiki ile ile.

Aliyeniokoa ni jirani yetu hapa Kibokoni, Mombasa, bibi wa Kigujarati ambaye mtaa mzima twamwita Ba. Akaniambia, "Mwanangu, moto wa tumbo lako umefifia, nawe waumwagia maji." Moto huo kwenye Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, huitwa agni, na matibabu yao mengi ya tumbo huanzia hapo.

Alinipa bizari nyembamba, giligilani na shamari, kijiko kidogo cha kila moja, nichemshe kwa vikombe vinne vya maji mpaka rangi igeuke ya dhahabu, ninywe vuguvugu baada ya chakula. Usiku naloweka kijiko kidogo cha uwatu kwenye glasi. Asubuhi punje zimevimba, maji yana ute unaoteleza kidoleni. Ute ule ni nyuzinyuzi, hushibisha na kulainisha choo. Uchungu wake utauzoea. Lakini kilichoniondolea gesi hasa ni mvuje, ule utomvu mkavu unaonuka: kipande kama punje ya mchele, kikaangwe kwenye mafuta kabla ya kutia mbaazi. Harufu yake mbichi hufukuza watu jikoni, ikiiva huwa kama kitunguu.

Triphala, ule unga wa matunda matatu, amla, haritaki na bibhitaki, naitumia choo kikiwa kigumu tu, nusu kijiko kidogo usiku.

Uzito je? Ba hakunidanganya. Alisema viungo vitatuliza tumbo, ila mwili utapungua kwa sahani. Kwao mlo mkubwa ni wa mchana, jua likiwa juu. Nikaacha kula wali saa tatu na nusu usiku, nikawa nakula kidogo baada ya Magharibi, na viazi karai vikawa vya Ijumaa peke yake. Miezi minane, kilo sita.

Kama unatumia dawa za kisukari, mwambie daktari kabla ya kuanza uwatu, maana nao hushusha sukari. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aulize kuhusu manjano na mvuje. Mjamzito asiguse sanamaki, triphala wala dozi za uwatu bila ushauri. Na vidonge vya Ayurveda visivyojulikana vilikotoka mimi sivigusi: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za aina hiyo zilizouzwa Boston, 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki.

Mimi hununua punje nzima Marikiti. Sugua shamari kiganjani, unuse. Isiponukia utamu, irudishe.