Hifadhi Namba Ghafi za Kihisi Chako

Tangu setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliporushwa tarehe 7 Novemba 2022, nimekutana na vijana wengi wanaotaka kuunda vihisi mahiri vya kutumika angani, na wote nimewaomba jambo moja kabla ya mengine: kihisi kihifadhi namba ghafi pamoja na zile kilizozisahihisha.

Kihisi mahiri kina prosesa ndogo inayosahihisha vipimo kabla hujaviona, na sahihisho likikosewa, kosa hujificha humo humo. Nilipokuwa nikisawazisha kipimajoto kwa maji yanayochemka, niliandika kwenye programu kwamba maji hayo yana nyuzi 100 za selsiasi, ilhali Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kihisi cha shinikizo la hewa, kilichotegemea kipimajoto hicho ili kujisahihisha, nacho kikapotoka. Kwa kuwa sikuwa nimehifadhi namba ghafi, majaribio ya wiki tatu yalirudiwa yote, na bado nasikitika kila nikiyakumbuka.

Usidharau kosa dogo la shinikizo, kwa maana shinikizo ndilo hutumika kukokotoa kimo. Hapa Kampala kosa la hektopaskali 1 (kizio cha shinikizo la hewa) ni sawa na kosa la mita 9 hivi za kimo, lakini kwenye kilomita 16 ni takriban mita 60, na puto la hali ya hewa likifika kilomita 30, hektopaskali hiyo hiyo huzidi mita 500. Kihisi kinachoonekana sahihi mezani kinaweza kuwa hakifai kabisa huko juu.

Kwenye ombwe tatizo ni lingine: hakuna hewa ya kuondoa joto, kwa hiyo prosesa hukipasha moto kipimajoto kilicho jirani nayo. Vitenganishe mapema, wakati bado unachora saketi.

Kwa jaribio la baridi, friza ya kawaida inatosha kuanzia. Kifunge kifaa ndani ya mfuko usiopitisha hewa, pamoja na chembe za kukausha unyevu, ukiache usiku kucha huku kikirekodi. Ukikitoa, usiufungue mfuko mpaka kifaa kirudi kwenye joto la chumba, kwa maana hewa yetu ina unyevu mwingi, nao hutua mara moja juu ya saketi iliyo baridi.