Kuonja Mvinyo na Watu Wako Bila Kuaibika

Mara ya kwanza kualikwa kuonja mvinyo nilienda na njaa. Ilikuwa Westlands, Nairobi, Ijumaa jioni, wanawake watano wa chama kimoja, na mimi nilikuwa nimeruka chakula cha mchana makusudi nikijua tutalishwa. Tulichowekewa ni vipande vya jibini vidogo kama kete za bao, na biskuti zisizo hata chumvi. Kufikia glasi ya nne nilikuwa namsimulia mhudumu jinsi ndoa ya binamu yangu ilivyovunjika. Siku hizi sitoki nyumbani kabla ya kula chapati na ndengu, au chochote kizito kitakachotangulia tumboni.

Usiku ule pia ulinifunza hesabu. Chupa ya kawaida ina mililita 750, yaani glasi tano za mililita 150. Ya kuonja haihitaji kuzidi mililita 50. Ukionja aina sita kwa kipimo hicho umekunywa glasi mbili, na bado unajua jina lako. Tatizo ni kwamba rafiki akishika chupa humimina kwa mapenzi, si kwa kipimo. Basi tema. Najua sisi tumelelewa kwamba kutema mbele za watu ni utovu wa adabu, lakini waonjaji wa chai kule Mombasa huivuta kutoka kwenye kijiko kwa kelele, wakatema, wakasonga kwenye kikombe kingine, na hiyo ndiyo kazi inayowalisha. Meza iliyoandaliwa vizuri huwa na chombo cha kutemea. Usipokiona, kiulizie.

Lugha ya mvinyo ndiyo iliyonitisha zaidi, mpaka nilipogundua kwamba nusu yake naijua tangu utotoni. Chukua tanini. Umewahi kunywa strungi iliyochemka ikapitiliza, ulimi ukakauka kama umelamba gunia? Hiyo ndiyo tanini, na mvinyo mwekundu unayo kwa sababu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu. Ukitia maziwa kwenye chai ukali ule hupungua, kwa kuwa tanini hushikana na protini. Nyama hufanya kazi iyo hiyo, ndiyo maana mvinyo mwekundu unaokukunja uso ukiwa peke yake hulainika ukiuteremsha na mbavu za mbuzi. Pilipili ni hadithi nyingine. Kileo huuchochea moto wake, kwa hiyo kwa kuku wa kupaka au mchuzi wa nazi wenye pilipili tafuta mweupe wenye utamu kidogo na kileo cha chini.

Lakini nikwambie ukweli, makosa yangu makubwa hayakuwa ya mvinyo. Yalikuwa ya watu. Mama alipotimiza miaka 60 tulimpeleka kwenye mkahawa mmoja wa kifahari huko Karen, ule wa sahani saba zinazokuja moja moja. Sikumweleza. Sahani ya kwanza ilikuja na kipande cha samaki kisichomtosha paka. Mama akaitazama, akaniinamia: "Hii ni ya kuonja, ama ndiyo chakula chenyewe?" Kabla sijamjibu vizuri akawa ameshaamua kushiba mkate na siagi. Mwanakondoo alipofika, sahani ya tano, hakuwa na mahali pa kumweka. Aliomba afungiwe. Ndugu zangu wakaangalia dari.

Aibu ile ilikuwa yangu, si yake. Tangu hapo napiga simu kabla, naomba menyu, na wazee nawasomea mapema: vitakuja vingapi, kipi ndicho kikubwa, tutakaa kwa muda gani. Nauliza pia kama ada ya huduma imo ndani ya bei au itaongezwa mwishoni, na kama chupa tutakayokuja nayo italipiwa kufunguliwa. Hizo si habari za kusomea kwenye bili, hasa kama mezani yuko shemeji ambaye hataki kuonekana hana. Marafiki wanaochangia hutuma fungu lao kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe. Uma na visu usivihofu, anza na vya nje uje ndani.

Mhudumu akikumiminia tone la kwanza, hakuulizi kama umependa. Anataka unuse kama mvinyo umeharibika. Mvinyo ukinuka kama boksi lililonyeshewa, kizibo kimeuharibu, na una haki ya kuurudisha. Ukiwa mzima, itikia kwa kichwa basi, hotuba haihitajiki.

Wasiokunywa wasitengwe na soda kwenye kona. Nina rafiki Mwislamu kutoka Lamu. Akija kwangu huwa nimeandaa maji ya ukwaju, ya ubuyu na ya tangawizi, kwenye glasi zilezile ndefu, naye hukosoa kila moja bila huruma.

Na kama fedha ni za kuhesabu, fanyia nyumbani. Desemba iliyopita nilifanya hivyo South B. Kila mtu alileta chupa moja isiyozidi shilingi 1,500, nikazivika magazeti na kuziandika nambari. Nyeupe zilitangulia nyekundu, nyepesi zikatangulia nzito. Nyekundu nilizitia kwenye friji dakika 20 hivi, kwa sababu joto la sebule yangu mwezi huo si lile linalokusudiwa wanaposema mvinyo mwekundu hunywewa bila kupozwa. Kulikuwa na Leleshwa, wa zabibu za upande wa Naivasha, mmoja wa Dodoma, na Pinotage wa Afrika Kusini, zabibu iliyozalishwa mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut.

Shemeji yangu, ambaye kwa miaka minne ametufundisha habari za mvinyo bila kuombwa, aliisifu nambari tatu kwa kirefu. Ya Ufaransa, akasema, na ya zamani. Gazeti lilipotoka ikawa ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na kifuniko chake ni cha kuzungusha. (Kifuniko hicho hakina kosa. Huko New Zealand hata mivinyo ya bei kubwa hufungwa hivyo.)

Mama hanywi, ni mtu wa kanisa, lakini alitaka kujua tunanusa nini. Nikampa glasi ya Pinotage. Akafumba macho. "Matunda damu," akasema, "na moshi. Moshi wa kuni mbichi, kama jikoni kwa nyanya yako." Meza nzima ikanusa tena. Moshi ulikuwepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameutaja.

Saa nne usiku niliwaitia wote teksi, maana Alcoblow, kile kipimo cha polisi cha kupulizia, haijali kama ulionja au ulikunywa. Mama alibaki akifua vitambaa vya meza, akiuliza tutakusanyika tena lini.