Sindano za nini tena, baba?

Mwanangu Rehema,

Juzi uliniuliza kwenye simu kuhusu saratani yangu ya tezi dume: PSA imeshuka kutoka 86 hadi 0.9, baba, sindano za nini tena? Chaji iliniishia kabla sijakujibu, na sikutaka nikujibu juu juu.

PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume na kupimwa kwenye damu, na jeni yake huamshwa na homoni. Homoni hiyo, testosteroni, ikitoka kwenye korodani huingia ndani ya seli, ikageuzwa kuwa homoni nyingine, DHT, ambayo ina nguvu zaidi. Humo kuna kipokezi, protini inayoipokea homoni, kinaisubiri nje ya kiini. Wakishashikana, kipokezi kinaingia kwenye kiini, kinajibandika kwenye DNA mahali pake maalumu na kuamsha jeni. Moja ni hiyo ya PSA. Nyingine huiamrisha seli ikue na igawanyike, na hapo ndipo saratani inapopata riziki yake.

Sindano huzizima korodani zisitoe testosteroni. Kwa hiyo namba ikishuka, maana yake ya kwanza ni kwamba amri haifiki. Seli nyingi zimekufa kwa kukosa homoni, lakini zipo zilizonyamaza tu. Saratani yangu ilishafika kwenye mfupa wa nyonga, unajua. Nikiacha sindano, korodani zitarudi kazini na hizo zitaamka. Daktari Charles Huggins wa Chicago, Marekani, alionyesha mwaka 1941 kwamba ukiondoa homoni hii saratani inarudi nyuma; mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Bado tunatembea kwenye njia aliyoifungua.

Sitakuficha, mwanangu: seli hizi zina ujanja. Baadhi huongeza nakala za jeni ya kipokezi hadi homoni kidogo tu, hata ile ya kutoka kwenye tezi za juu ya figo, ikazitosha. Nyingine hutengeneza kipokezi kilichokatika, kinachofanya kazi bila homoni kabisa. Ndiyo sababu napimwa kila miezi mitatu. Zikianza ujanja huo, namba itapanda hata kama sindano sijaikosa, na daktari ataongeza vidonge.

Joto linanipanda usiku mpaka fulana inaloa, mama yako anaamka kunipepea. Navumilia. Sindano ijayo ni Jumanne. Muuguzi anabana ngozi ya tumbo, anahesabu hadi tatu, basi. Ukipata nafasi, nisindikize.

Na umwambie kaka yako akapime. Ameshatimiza 45, na baba akiugua hii, mtoto wa kiume yuko hatarini zaidi. Nikimwambia mimi ananyamaza.

Baba yako