Si Kila Mluzi wa Pumzi ni Pumu

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mtu akianza kupumua kwa shida, jibu huwa limeshaandaliwa: kifua kinambana, ana pumu. Ikiwa ni Julai na Njombe imeshika baridi yake, hakuna anayebisha. Mama yangu mkubwa aliishi na jibu hilo kwa miaka. Alikuwa na tezi shingoni tangu ujana wake, lile ambalo wazee huliita rovu, na kwa kuwa kijijini kwao wanawake wengi wa rika lake walikuwa nalo, hakuna aliyelihesabu kuwa ugonjwa. Pumzi ilipoanza kupiga mluzi usiku alipewa dawa ya pumu ya kuvuta. Akavuta, akavuta tena, nafuu haikuja.

Nimeandika haya kwa ajili ya wewe unayemuuguza mtu nyumbani, ambaye si daktari wala nesi, lakini ndiye unayesikia pumzi ya mgonjwa saa nane za usiku. Unachokisikia wewe kinaweza kumfikisha daktari kwenye ugonjwa haraka kuliko vipimo vingi. Kinachotakiwa ni kujua cha kusikiliza, na kuelewa maneno machache yatakayoandikwa kwenye faili.

Anza na njia yenyewe. Hewa huingia puani au mdomoni, hupita koromeo, ambako chakula na hewa hutumia njia moja, kisha njia zinaachana. Chakula huenda nyuma, kwenye umio. Hewa hupita mbele kwenye zoloto, yaani sanduku la sauti, ile sehemu ngumu inayopanda na kushuka mtu akimeza. Chini ya zoloto ndipo linapoanza bomba la hewa, ambalo madaktari huliita trakea. Kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi na upana wa karibu sentimita 2. Halisinyai ovyo kwa sababu limeshikiliwa na pingili za gegedu kati ya 16 na 20, kila moja ikiwa na umbo la herufi C, upande wa wazi ukitazama nyuma ulipo umio. Likishafika kifuani linagawanyika matawi mawili, moja kila pafu, na hayo huitwa bronkasi. Pumu huishi huko kwenye matawi madogo ya ndani, na tezi la mama mkubwa lilikuwa juu, kwenye bomba lenyewe. Ndiyo maana dawa ya kulegeza matawi madogo haikumsaidia.

Aliyetufumbua macho ni nesi mmoja wa makamo. Hakuanza na kifua. Aliuliza: "Mama anapiga mluzi akivuta pumzi, au akitoa?" Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo. Mluzi wa pumu kwa kawaida husikika zaidi mtu akitoa pumzi. Mlio mkali unaosikika akivuta pumzi huashiria kwamba njia imebanwa juu, kwenye zoloto au kwenye sehemu ya bomba iliyo shingoni. Huo wanauita strida. Ukisikika pande zote mbili, akivuta na akitoa, kuna uwezekano bomba lenyewe limebanwa mahali pamoja na halipanuki. Ukiliona neno strida kwenye faili la mgonjwa wako, usilichukulie kama jina la ugonjwa. Ni dalili, na mtu lazima atafute kilichobana.

Hapo ndipo ninapotoa ushauri wangu wa kwanza, nao ndio ninaousisitiza kuliko yote: rekodi pumzi ya mgonjwa kwa simu. Mgonjwa wa usiku akifika kliniki asubuhi, akiwa ameketi wima na ametulia, mara nyingi mlio umeshapungua. Mrekodi akiwa amelala na mwache apumue kwa muda, sauti isikike na kifua kionekane. Sema mwenyewe kwenye rekodi ni saa ngapi, amelalaje, na kama alikuwa ametoka kutembea. Mama mkubwa alikuwa hawezi kulala chali hata kidogo, alilala amekaa, ameegemea mito. Hilo nalo ni la kumwambia daktari, kwa sababu tezi lililoshuka nyuma ya mfupa wa kifua hubana zaidi mtu akilala chali.

Kuna jambo jingine alilofanyiwa ambalo ni rahisi na linafaa kujulikana. Aliambiwa anyanyue mikono yote miwili juu, iguse pande za kichwa, aishikilie kwa dakika moja. Kabla dakika haijaisha uso ulimvimba, mishipa ya shingo ikatuna, pumzi ikaanza kukwaruza. Ni kipimo kilichoelezwa na daktari Mwingereza Hugh Pemberton mwaka 1946, na kinaonyesha kwamba kilichopo shingoni kimeziba mlango wa kifua. Mtu asipopata dalili hizo haina maana kwamba yuko salama. Akizipata, asikae nyumbani akisubiri mavuno yaishe.

Eksirei ya shingo ilionyesha bomba la hewa limesukumwa pembeni na kubanwa. Tukapewa rufaa kwenda Mbeya, kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Ni safari tu, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole, ila msafirishe mgonjwa wa namna hii akiwa ameketi. Usikubali alazwe kwenye kiti cha nyuma ati apumzike.

Wodini maneno yanakuja kwa kasi na ndugu wengi hunyamaza kwa kuona aibu kuuliza. Mimi nilinunua daftari. Nilichogundua ni kwamba maneno hayo mengi yana kichwa na mkia. Kichwa kinasema mahali na mkia unasema kilichotokea au kitakachofanyika. Mkia wa itisi ni uvimbe wa maambukizi au mwasho: laringitisi iko kwenye zoloto, trakeitisi kwenye bomba. Stenosisi ni kusinyaa, na malesia ni kulainika. Skopi ni kuangaliwa ndani kwa kamera, kwa hiyo bronkoskopi ni kamera inayoingia hadi kwenye matawi ya hewa. Ektomi ni kuondoa kitu, tomi ni kupasua, na stomi ni kutengeneza tundu. Ukivishika hivyo, daktari akisema "tutafanya thairoidektomi, na kama kuna trakeomalesia huenda tukahitaji trakeostomi", unaelewa kwamba tezi litaondolewa, na bomba likikutwa limelainika huenda likawekewa tundu shingoni. Unaweza hata kuuliza swali la maana: tundu hilo litakaa kwa muda gani?

Tezi likikaa miaka mingi likiligandamiza bomba, pingili zake hupoteza ugumu. Likiondolewa, kile kilichokuwa kimelibana lakini pia kikilishikilia hakipo tena, na mgonjwa akivuta pumzi kwa nguvu kuta zinaanguka ndani, kama mrija wa karatasi uliolowa. Mama mkubwa ilimkuta hali hiyo, naye akatoka chumba cha upasuaji na trakeostomi. Familia ililia. Wapo waliosema sasa ndiyo basi. Napenda mtu anayepitia hapo ajue kwamba kwa wagonjwa wengi tundu hilo ni la muda, na kwake lilikuwa hivyo. Liliondolewa na kovu likafunga.

Lakini miezi ya kati inahitaji uangalizi, hasa kwenye baridi yetu. Pua ina kazi tatu ambazo hatuzikumbuki hadi zikosekane: kuipasha hewa joto, kuitia unyevu na kuichuja. Mtu anayepumulia shingoni anavuta hewa ya Njombe ilivyo, kavu na baridi. Makohozi yanakuwa mazito, yanakauka ndani ya mrija uliopitishwa kwenye tundu la shingo, na yanaweza kuuziba. Sisi tuliweka kitambaa chepesi safi, kibichi kidogo, mbele ya mrija, na tukakibadilisha mara kwa mara. Mrija wa ndani ulitolewa na kusafishwa kwa ratiba, kwa namna tuliyofundishwa na manesi. Usikubali kuruhusiwa kabla wewe mwenyewe hujaufanya usafi huo mbele ya nesi, kwa mikono yako, naye akaridhika. Uliza pia kuhusu mrija wa akiba wa saizi ileile na mwingine mdogo zaidi, vikae karibu na kitanda. Kamba ya shingoni iwe imekaza kiasi cha kupitisha kidole kimoja.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani. Najua Makete na Njombe watu huliingiza ili kupata joto la usiku, nami nimekulia humo. Moshi na vumbi vinaingia moja kwa moja mapafuni, na mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu ambayo huua hata wasio wagonjwa. Ongeza mablanketi. Mpeleke mgonjwa mbali na jiko la kuni, hata akisisitiza kukaa kwenye mafiga kama alivyozoea. Kuoga ni kwa beseni, maji yasipande juu ya kifua. Na waambie majirani wote waliokuja kumsalimia kwa "kamwene" ya kwetu kwamba akizimia, pumzi ya kumwokoa inapulizwa shingoni kwenye mrija, si mdomoni.

Sauti nayo. Mtu mwenye mrija huo mara nyingi hatoi sauti, kwa sababu hewa inatokea chini ya zoloto. Mama mkubwa alikuwa msemaji wa ukoo, na kimya kile kilimuumiza kuliko kidonda. Tulimpa kengele ndogo na daftari, lakini kilichomsaidia ni sisi kuacha kumjibia. Mgeni akimuuliza swali, tulisubiri aandike.

Kwa watoto mambo huenda haraka zaidi, maana bomba lao ni jembamba na uvimbe kidogo unakula nafasi kubwa. Kuna kikohozi kinachobweka kama mbwa, kinachoanza usiku baada ya mafua, hasa kwa watoto kati ya miezi sita na miaka mitatu. Kinaitwa krupu, na mara nyingi husababishwa na virusi. Mtoto huyo mkalishe kwenye mapaja, mtulize, mpeleke hospitali. Kulia kunamzidishia. Akiwa na homa kali, anatokwa na udenda na anashindwa kumeza, usimwingize kijiko mdomoni eti umwangalie koo, unaweza kulifunga kabisa. Ukiona mbavu zinabonyea ndani kila akivuta pumzi, midomo inabadilika rangi, au amekuwa mchovu na mlio umepungua ghafla, jua hapo hajapona. Kimya cha mtoto aliyechoka kupumua ni hatari kuliko kelele zake. Dondakoo na uvimbe wa kifuniko cha zoloto hukingwa na chanjo ya penta inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hiyo kadi ya kliniki isikae na mapengo.

Kisha maharage, mahindi na karanga, vitu ambavyo nyumba zetu zimejaa. Mtoto aliyekuwa anacheza navyo akakohoa kwa ghafla, kisha akatulia, anaweza kuwa amevuta punje. Mara nyingi huangukia bronkasi ya kulia, kwa sababu ni pana na imesimama wima zaidi. Punje ya harage haionekani kwenye eksirei na ikilowa huvimba, hivyo mwambie daktari alichokuwa akichezea hata kama picha iko safi. Akiwa amekabwa papo hapo na hawezi kukohoa wala kutoa sauti, mwinamishe, mpige makofi matano mgongoni kati ya mabega. Isipotoka, msukume tumbo mara tano juu ya kitovu kwenda ndani na juu. Aliye chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo: anasukumwa katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja. Usichokoe kooni kwa kidole usipokiona kitu.

Mtu aliyewahi kulazwa wodi ya uangalizi maalumu akiwa na mrija wa kupumulia, akaruhusiwa salama, na wiki au miezi baadaye akaanza kupiga mluzi, asikubali kirahisi jina la pumu ya ukubwani. Mrija unaweza kuacha kovu linalosinyaza bomba la hewa. Kukosa pumzi mtu akiwa amepumzika tu huja kwa kuchelewa, wakati upana wa bomba umeshashuka hadi milimita 5 hivi, kwa hiyo anayechoka kupanda kilima alichokipanda mwaka jana bila taabu asisubiri hadi akose pumzi akiwa amekaa.

Nimalizie na chumvi, maana ndiyo kinga ya tezi hili. Ardhi ya milima yetu imeoshwa madini joto na mvua za karne nyingi, ndiyo maana bibi zetu wengi walikuwa na rovu. Nunua chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na moto, itie kwenye mboga inapokaribia kuiva. Hiyo ni kinga kwa walio wadogo na kwa wajawazito. Tezi ambalo limeshakua kwa miaka mingi halitegemewi kurudi kwa chumvi, na mwenye nalo apigwe picha ya shingo hata kama bado hajasikia mluzi wowote.