In Monday morning au on Monday morning?

Dada, mwalimu hakukuonea alipokukata alama kwenye "The bus leaves Dodoma in Monday morning". Asubuhi ikiwa peke yake ni in the morning. Ukishaitaja siku, siku ndiyo inayotawala: on Monday morning, on 26 April. Saa ni at, na hapa wengi huteleza mara mbili, maana basi la saa mbili asubuhi ni at 8, si at 2. Mwezi na mwaka ni in: Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu in 1973, in October. Usiku ni at night. Lakini penye next, last, this au every usiweke kitu kabisa: The bus leaves next Monday.