Kwa wadogo zangu mnaoandikia tasnifu afyuni na majasusi

Muhula huu nimesoma mapendekezo manne ya utafiti, na yote manne yana sentensi moja: "CIA iliuza heroini Afghanistan." Nawapenda, ndiyo maana nawagombeza mapema kabla jopo halijawashika.

1. Fuateni pesa mkono kwa mkono. Katika vita vya Afghanistan vya miaka ya 1980 dhidi ya Wasovieti, Marekani na Saudi Arabia zilitoa, ISI, idara ya ujasusi ya Pakistani, ikavigawia vyama 7 vya mujahidina vilivyokuwa Peshawar, na fungu nono likamwendea Gulbuddin Hekmatyar, kiongozi wa kimojawapo. Mkiiruka ISI, sura ya pili yote inaanguka.

2. Msiwachanganye makamanda. Hapa ndipo nilipoumia. Katika tasnifu yangu ya uzamili niliandika ukurasa mzima kwamba Mullah Nasim Akhundzada, bwana wa afyuni (ndiyo malighafi ya heroini) wa Helmand, mkoa wa kusini mwa Afghanistan, alikuwa mtu wa Hekmatyar. Wote mujahidina, wote na afyuni yao, basi nikawaweka kapu moja. Siku ya kutetea, mtahini wa nje, mzee mpole, alifika ukurasa ule, akavua miwani akaiweka mezani. "Mwanangu, kama alikuwa mtu wake, mbona walikuwa wakipigana?" Nikabaki kimya. Feni ya darini ililia kwiii, kwiii, na hakuna aliyenisaidia. Nasim alikuwa wa chama cha Harakat, kingine kati ya vile saba, na watu wake walipambana na wa Hekmatyar wakiigombea Helmand. Nasim aliuawa Peshawar mwaka 1990. Na hayo nilikuwa nimeyasoma! Yalikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu. Niliyaacha kwa sababu yaliharibu hoja niliyoipenda. Ningekuwa sijui, ningejisamehe. Nilirudishwa kuandika upya, nikakosa mahafali ya mwaka ule, na mama alikuwa ameshashona kitenge.

3. Kufumbia macho ni jambo moja, kuuza ni jingine. La kwanza lina nyaraka. Mwaka 1982 mwanasheria mkuu wa Marekani William French Smith na mkurugenzi wa CIA William Casey walikubaliana utaratibu ambao haukuwalazimisha majasusi kuripoti biashara ya dawa za kulevya ya mawakala wasio waajiriwa wao. Ongezeni ripoti ya kamati ndogo ya Seneta John Kerry ya mwaka 1989 kuhusu Contra, waasi wa Nikaragua waliosaidiwa na CIA. Hizo zinatosha kumtoa mtu jasho, hamna haja ya kutia chumvi.

4. Andikeni tarehe ya chanzo siku ileile mnayokisoma.

5. Kuna anayeniuliza kila mwaka, "Mwalimu, Helmand inatuhusu nini?" Heroini ya Afghanistan hushuka hadi pwani ya Makran, kusini mwa Iran na Pakistani, ikapakiwa majahazini kuja kwetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi nje ya Mombasa. Mimi ni mtoto wa Kisauni, hapo hapo Mombasa. Winga wetu wa kushoto sasa ni teja. Nikishuka matatu huniomba shilingi ishirini, na bado ananiita kwa jina langu la uwanjani.