Weka hela mfukoni mkuu, tableti haitakutafutia bandama

Mkuu, usinunue. Vitabu usiuze, stethoskopu usiuze, na huyo broda wako wa mwaka wa tano anayesema "siku hizi klinikali yote iko kiganjani" muulize kwanza mitihani ya wodini alipita kwa mara ya ngapi. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye ugali, ugali ukanishinda.

Wadau mliorukia huku chini bila kusoma juu: mleta uzi yuko MD, digrii ya udaktari, mwaka wa tatu, wiki ijayo anaanza rotesheni, yaani kuzungushwa wodini kujifunza. Anataka auze vitabu na stethoskopu, aongezee na bumu (hela ya mkopo wa chuo), anunue tableti iliyotumika ya laki saba kutoka kwa senior wake. Ameuliza pia achague upasuaji au afya ya jamii, na kama kwenda nje kunalipa. Nitafika huko kote. Ila kwanza hiyo tableti.

Mimi niliinunua. Laki sita na nusu, taslimu, bumu likiwa halijalala hata siku mbili kwenye akaunti. Aliyeniuzia alikuwa senior niliyemheshimu kuliko baadhi ya wajomba zangu. Koti jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inakata, na wodini akiulizwa swali anainama sekunde tano, anainuka na jibu. Nikadhani ni kichwa. Kumbe ni mfuko wa koti. Akaniambia, "Dogo, achana na kuganda kitandani kwa mgonjwa saa nzima. Mgonjwa mwenyewe hajui anaumwa nini, ndiyo maana kaja. Chukua malalamiko mawili, ingiza kwenye programu, itakupa magonjwa kumi, wewe unachagua." Akaniongezea na folda ya PDF, faili mia nne na ushee. Nikajiona nimerithi duka la Mhindi.

Ubaya wake ni kwamba mwanzoni inafanya kazi. Raundi ya asubuhi tuko wanafunzi 15, tumezunguka kitanda kimoja kama waombolezaji, profesa akitupa swali mimi nimejibanza nyuma ya jamaa mmoja mrefu, kidole kinatembea. Dalili za ini kushindwa? Ninazo. Visababishi vya maji tumboni? Ninavyo, tena kwa mpangilio. Rejista mmoja, yaani daktari wa wodi, akanisifu mbele ya watu, nikalala na furaha. Ila kupima sasa... tumbo la mgonjwa wanaligusa wawili watatu waliosimama mbele, sisi wengine tunanakili kutoka kwenye faili. Daftari la saini limejaa. Nilisainiwa kwamba nimepima bandama mara kumi. Wallahi mkuu, mkono wangu ulikuwa haujawahi kukutana nayo hata mara moja.

Njoo mwaka wa tano, mtihani wa mwisho wa magonjwa ya ndani, kesi ndefu. Simu na tableti zimeachwa mlangoni kwenye katoni tupu la maji ya dripu. Unapewa mgonjwa na muda wako, unamhoji, unampima, halafu wanakuja watahini wawili, mmoja katoka chuo kingine.

Mgonjwa wangu alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mpole, katoka Ukerewe, katapika damu wiki iliyopita. Nikamuuliza kazi, akasema, "Biashara." Nikaandika: mfanyabiashara. Nikamuuliza pombe, akasema, "Zamani kidogo." Hiyo nikaipigia mstari mara mbili, maana ile orodha ya magonjwa kumi ilishajipanga kichwani, na namba moja ilikuwa ini kusinyaa kwa pombe. Biashara ya nini, sikuuliza. Nikaja kwenye tumbo. Nikaweka mkono chini ya mbavu za kushoto, nikabonyeza mara mbili, nikakuta pagumu kidogo, nikasema moyoni huyu kakaza misuli. Bandama: haipapasiki. Nikasonga mbele.

Watahini wakaja, nikatiririka. Yule wa nje alinisikiliza kafumba macho mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya. Nionyeshe unavyoitafuta bandama." Nikaweka mkono palepale chini ya mbavu. Kimya. Mgonjwa akanitazama kwa huruma, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake zipu iko wazi: "Daktari, wenzako huwa wanaanzia huku chini." Akajionyesha mwenyewe, karibu na kinena, upande wa kulia.

Nikueleze, usije ukaaibishwa na mgonjwa kama mimi. Bandama ikivimba haishuki wima, inakatiza tumbo kwa mshazari kuelekea kinena cha kulia. Ndiyo maana mkono unaanzia kulia chini. Mgonjwa anavuta pumzi, unasubiri. Anaitoa, unapanda kidogo. Anavuta tena, mpaka ukingo wenyewe uje kukugonga kwenye vidole. Ukianzia kwenye mbavu na bandama ni kubwa, unakuwa umeshaikalia juu. Ukingo uko mbali huko chini, wewe unabonyeza mgongo wake na kuita misuli. Ya mgonjwa wangu ilikuwa imepita kitovu. Imepita kitovu mkuu! Mtu kabeba sangara mzima tumboni, mimi naandika haipapasiki.

Mtahini akamgeukia, "Biashara gani, ndugu?" Samaki. Na kabla ya kuuza alikuwa anavua mwenyewe, tangu mtoto, miguu kwenye maji ya ziwa kila siku ya Mungu. Kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo yanakwama kwenye vimishipa vya ini, makovu yanajengeka, damu inayoingia kwenye ini inakosa njia, bandama inavimba, mishipa ya umio, njia ya chakula, inatanuka mpaka siku inapasuka, mtu anatapika damu. Nimesoma Kanda ya Ziwa miaka mitano. Dawa yake, prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo, ningekutajia usingizini. Dozi naijua, mwenye ugonjwa kalala mbele yangu simjui.

Sapu, yaani mtihani wa kurudia. Wenzangu wakahitimu, wakaanza utarajali, mimi nikabaki na chumba cha kupanga, bumu limekata, nakula kwa shemeji. Mama alikuwa ameshashona kitenge cha mahafali. Alikivaa kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani na hakuniuliza kitu. Bora angeuliza.

Na senior? Nilimpigia. Akaniambia, "Pole dogo, ulipata kesi ngumu." Kesi ngumu! Wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa wanapelekwa kwa yule mgonjwa wakajifunzie! Baadaye ndiyo nikaja kusikia kwamba na yeye alirudia mtihani huohuo, na alikuwa ameshaurudia wakati ananiuzia. Hakunitajia. Ila laki sita na nusu alizihesabu mara mbili, noti za elfu mbili mbili akazikagua kwenye mwanga. Watu kama hawa huwezi kuwakosa kwenye chuo chochote, na huwa wanapendwa sana na wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Miezi ya kusubiri sapu niliimaliza wodini, jioni, tableti imefungiwa sandukuni. Aliyenifundisha hakuwa profesa, alikuwa sista mmoja mtu mzima wa zamu ya usiku. Alinikataza kufungua faili kabla sijakaa na mgonjwa. Huko ndiko nilikogundua kitu ambacho hakuna programu itakusaidia: mgonjwa haongei Kiingereza cha kitabu. Anakwambia tumbo linajaa. Linajaa gesi, maji, au bandama? Anakwambia ana chango, ana kichomi, mwili unawaka moto ila mikono ya baridi. Ukikimbilia kutafsiri ili uingize kwenye simu, umeshatupa nusu ya alichosema. Muulize, "Unaposema linajaa, nionyeshe kwa mkono." Ataonyesha. Wa kwangu alinionyesha bila hata kuulizwa.

Na hizo dozi mnazozinakili kwenye simu nazo muwe na akili. Nikiwa wodi ya watoto, nimetoka kutamba na tableti yangu, alilazwa mtoto wa kilo 9 mwenye malaria kali. Programu yangu, ya Marekani, ikaniambia artesuneti, sindano ya malaria kali, miligramu 2.4 kwa kilo. Nikapiga hesabu, 21.6, nikaandika kwa mbwembwe. Nesi akasoma, akaniuliza, "Huyu mtoto ana kilo ngapi?" Tangu 2015 WHO inasema mtoto wa chini ya kilo 20 apewe 3 kwa kilo, na mwongozo wetu unafuata hivyo. Wamarekani sindano hiyo waliisajili 2020, na karatasi yao ya maelezo ya dawa inasema 2.4 kwa kila mtu. Kwa hiyo ni 27, yaani mililita 2.7 ukiichanganya ya mshipa. Programu haikudanganya, ilikuwa inaongea na daktari wa nchi nyingine. Mimi ndiye sikujua niko nchi gani.

Sheria yangu iko moja tu, na nimeilipia: mkono kwanza, karatasi pili, simu mwisho. Ukiingia wodini simu ikae ndani ya begi, siyo mfukoni, mfukoni utaishika. Kaa na mgonjwa. Andika kwa kalamu alichosema kwa maneno yake, ulichogusa, na magonjwa matatu unayoyafikiria wewe, hata kama ni utumbo. Hapo ndiyo utoe simu ujisahihishe. Usipoandika yako kwanza, utasoma ya simu na utaamini hata wewe ulikuwa unaelekea hukohuko. Nilijidanganya hivyo miaka miwili. Na mgonjwa mmoja kwa siku anatosha, wa kuanzia kichwani mpaka unyayoni. Usishindane na wanaokimbiza saini.

Sisemi simu ni haramu. Ninayo hapa naandikia. Mwongozo wa matibabu wa taifa ninao humo na naufungua kila siku. Ila kupiga picha za wagonjwa na eksirei zenye majina mkarushiana kwenye makundi ya WhatsApp acheni, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, siku atakapokumbana nayo mwanafunzi wa kwanza mtakuja hapa kuanzisha uzi mnalia.

Upasuaji au afya ya jamii: hujaingia hata wodi moja, unachagua nini sasa? Kuna mwaka mzima wa utarajali, kuna leseni ya Baraza la Madaktari, halafu MMed, digrii ya ubingwa, miaka mitatu au zaidi. Nilianza na ndoto ya upasuaji wa ubongo, leo nawaza kwenda watoto. Utabadilika mara nne.

Kwenda nje, wanaokwambia unabeba vyeti tu unapanda ndege wanakuzuga. Mtihani wa Waingereza, PLAB, sehemu ya pili unaingizwa vyumbani na watu wanaoigiza wagonjwa, unahoji na kupima, mtahini anakutazama. Na mwigizaji wa Kiingereza hatakuonyesha pa kuanzia kutafuta bandama, wale wanalipwa kunyamaza.

Hiyo laki saba mkuu, kama inakuwasha, nunua kipima presha kizuri, tochi na nyundo ya magoti. Chenji itabaki, kula.

Nimehariri: naona kumbe uliuliza pia uchukue ya GB 64 au 128. Yangu ilikuwa 32, ikajaa zile PDF za senior. Mpwa wangu kazifuta zote akaweka katuni.